Shamba la Minyaa na Mtoto wa Kwa Kivuva

Shule ya Msingi ya Kwa Mbuvi,
Kanyangi,
Kitui.
10 Desemba 1977

Mpendwa mdogo wangu Nzioka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani zikufikie huko Poona ukiwa na afya. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua za huko India kimepona? Unakula vizuri? Baba aliitazama picha yako akasema umekonda. Mimi nikamwambia ni ndevu tu, zikinyolewa mtu wetu ataonekana. Zinyoe basi, usinifanye mwongo.

Sisi ni wazima. Baba anatembea na fimbo, ila mdomo wake hauhitaji fimbo. Mvua imetukumbuka mwaka huu. Mahindi yamefika magotini, mbaazi zimeshika vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Ukija utakunywa maziwa mpaka ukatae.

Barua yako ya Oktoba ilifika. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi, na hasira haikupungua. Umemwita Baba mwoga. Umesema ameuza haki yako, na kwamba utarudi na wakili kuifufua kesi ya shamba la minyaa. Baba hajui uliyoyaandika. Macho yake hayaoni tena mwandiko mdogo, kwa hiyo nilimsomea salamu na habari za masomo, mengine nikayakunja. Lakini mimi nimeyaona, na mimi ndiye nitakayekujibu.

Najua habari ulizipata kwa binamu yetu Mutunga, na Mutunga husimulia mambo kama mtu anayekimbia mvua. Sasa nisikilize mimi niliyekuwapo.

Unakumbuka kwamba Baba na jirani yetu Kivuva walivutana kuhusu kile kipande cha shamba kinachoshuka hadi mtoni, palipo kaburi la Mama. Sisi tulisema mpaka ni ile minyaa aliyoipanda Babu. Kivuva akasema mpaka ni njia ya zamani ya ng'ombe, iliyo huku kwetu. Wazee wakakaa, wakasikiliza, wakashindwa. Wakasema kiliwe kiapo cha kithitu, yale mawe ya kuapia. Baba akakataa, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kuapa kwa kitu kingine akiwa ameshika Biblia. Kivuva akacheka, akasema, "Basi mimi nitakula."

Wewe uliondoka ukiwa kijana wa shule za bweni, hukuwahi kuona kithitu kikiliwa. Mimi nilikiona siku hiyo kwa mbali. Kivuva alikigonga kwa kijiti mbele ya watu, akasema kama amedanganya juu ya mpaka, kimle yeye na nyumba yake. Hakuna aliyekohoa. Hata walevi wa sokoni walivua kofia.

Baada ya hapo, Nzioka, ndipo ubaya ulipoanza. Kama ujuavyo, kithitu hakichagui aliyeapa. Hupita mlangoni kikachukua yeyote, mara nyingi mdogo. Kwa hiyo Kanyangi nzima iligeuza macho ikatazama boma la Kivuva. Mbuzi wake akikohoa, watu waliangaliana. Na usidhani ni wapagani peke yao. Akina mama wa kanisani, wale wanaosema kithitu ni mawe tu, waliniuliza kila Jumapili, "Na kwa Kivuva, wote wazima?" Waliuliza kwa sauti tamu kiasi kwamba nilitamani kuwafungia mlango.

Na mimi je? Mimi pia nilikuwa nikitazama. Mama yetu amelala kwenye kile kipande. Nilitaka Mungu, au kithitu, au yeyote mwenye nafasi, aseme kwamba sisi ndio wakweli.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, nilikwenda mtoni kuteka maji kwenye kisima cha mchangani. Nikamkuta Ndinda, mke wa mwana wa Kivuva, yule ambaye mume wake anafanya kazi Mombasa. Alikuwa amekaa kando ya debe tupu, analia bila sauti. Akaniambia mtoto wake, Mbula, ana homa kali, anatapika, na tangu juzi anashtuka mwili mzima. Nikamwuliza mbona hajampeleka hospitali. Akasema, "Mzee amekataa atoke nje. Anasema watu wakiona mtoto ni mgonjwa, watasema kithitu kimemshika. Anasema hii ni meno tu."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu alikuwa anaficha maradhi ya mtoto asiyejua hata neno shamba.

Nitakuambia jambo moja, na ulihifadhi. Niliposikia vile, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilijisemea, "Kumbe alidanganya." Kisha nikamtazama Ndinda usoni. Niliacha debe langu pale pale mchangani.

Nilimkuta Baba akipalilia mihogo. Nilipomwambia, aliliweka jembe chini. Hakuuliza lolote juu ya mpaka. Aliuliza, "Mtoto ananyonya bado?" Nikasema sijui. Akaenda kuchukua koti lake.

Kivuva alitukuta langoni, hakutukaribisha. Alisema, "Kama mmekuja kuhesabu watu wangu, tuko wote." Baba akamwambia amesikia mtoto ni mgonjwa. Kivuva akasema mtoto hana kitu. Na wakati anasema hivyo, tulimsikia mtoto ndani. Hakuwa analia, alikuwa anakoroma. Sote watatu tulisikia, na Kivuva alitazama chini.

Baba akasema, "Kivuva, peleka huyu mtoto hospitali."

"Niende naye nipite sokoni, watu wote waone? Si itakuwa nimejishtaki mwenyewe?"

"Mimi nikisema shamba ni lako, utampeleka?"

Kivuva alimwangalia kama mtu anayetafuta mtego kwenye nyasi. Akasema, "Uniambie mimi hapa, halafu kesho ukatae? Sema mbele ya wazee."

Nilimvuta Baba koti. Nilimwambia kwa sauti ya chini, lakini kwa ukali, kwamba hawezi kumpa mtu kaburi la Mama hivi hivi. Akautoa mkono wangu kwenye koti lake, polepole, kidole kimoja kimoja, na kumjibu Kivuva, "Waite sasa hivi."

Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo wazee walipatikana upesi, na watu wengine walifuata kama nzi. Baba alisimama pale mnadani pa mbuzi. Alisema, "Nilikumbuka vibaya. Mpaka ni ule wa Kivuva. Hakuna deni kati yetu." Basi. Mzee wa kanisa wa miaka mingi, mbele ya umati, akajifanya mwongo kwa maneno machache kuliko yale unayotumia wewe kuomba pesa ya vitabu.

Watu waliguna. Mmoja alitema mate. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Hata baada ya hapo, wenye magari walikataa kumbeba mtoto. Walisema kithitu kikishaamka hakisikii hotuba, na hawataki kusimama njiani mwake. Aliyekubali ni Dirie, yule Msomali anayenunua ng'ombe Ikutha, ambaye lori lake lilikuwa limeshapakiwa nusu. Alisema, "Mimi siogopi mawe ya watu. Naogopa Mungu. Leta mtoto." Akashusha ng'ombe wake. Ndinda akapanda mbele na Mbula, na Kivuva akapanda nyuma, amesimama kwenye samadi na koti lake zuri. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kama wangengoja hadi asubuhi, wasingekuwa na haja ya kuja.

Sasa turudi kwenye barua yako. Uliandika kwamba kithitu hakina nguvu yoyote ila woga wa anayekiamini. Huenda ni kweli, sitabishana na chuo kikuu. Lakini mtoto wa miaka miwili haamini chochote, na alikuwa anakufa. Aliyekuwa anamuua ni nani hapo? Ni mawe, ni babu yake, au ni sisi tuliokuwa tukichungulia? Uulize walimu wako, halafu uniandikie jibu, kwa sababu mimi silipati.

Uliandika pia kwamba haki haitazami jina wala umri wa mtu. Nzioka, mtoto huyu ana jina. Anaitwa Mbula.

Usidhani nilimpigia Baba makofi. Tuligombana wiki nzima. Nilimwambia, "Umefundisha watu Amri Kumi miaka yote, halafu umesimama sokoni ukadanganya." Hakukana. Alisema, "Nimesema uongo, ndiyo. Nitajibu mwenyewe kwa Mungu. Ulitaka ukweli wangu uzikwe na mtoto wa watu?" Nikamwuliza, na haki ya Nzioka je? Hapo alichukua fimbo yake, akatoka nje. Nzioka, hapo ndipo pamuumizapo. Usimwite mwoga tena. Mwoga angekaa nyumbani akingoja matanga, kisha achukue shamba lake.

Kanisa limemweka kando na meza ya Bwana. Wengine wanasema ni kwa sababu alidanganya wakati wa kesi, wengine wanasema ni kwa sababu alidanganya sokoni. Hawajaelewana ni uongo upi, ila adhabu wameelewana. Kila Jumapili anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Na pale sokoni wanasema kithitu kimethibitisha kwamba Kivuva alisema kweli, kwa kuwa mtoto alipona. Sisi ndio waongo wa Kanyangi sasa. Nikisahihisha madaftari, nasikia watoto wa darasa la sita wakinong'ona.

Lakini kuna jambo ambalo Mutunga hakukuambia, kwa kuwa hakungoja kuliona. Mvua ilipoanza, kila mtu alipanda. Kivuva alipanda mashamba yake yote, mpaka kando ya choo. Kile kipande hajakitia jembe. Magugu yamefika kiunoni. Juzi asubuhi nilimwona amesimama penye minyaa na jembe begani, anakitazama. Aliponiona, hakunisalimu. Aligeuka akarudi nyumbani. Jana nikakuta kaburi la Mama limepaliliwa, kaburi peke yake, na magugu yamewekwa kando vizuri.

Nilimwuliza Baba kama twende tukapande kunde huko, maana mwenyewe amekiacha. Akasema hapana, tusimharakishe.

Kwa hiyo usilete wakili. Ukimleta, Kivuva atalazimika kuapa tena, na safari hii sijui nani atakuwa ndani ya nyumba. Njoo wewe, na ndevu zako ukitaka. Andika barua kwa Baba, kwa herufi kubwa ili aisome mwenyewe, umwambie umeridhika. Kama hujaridhika, andika hivyo hivyo kwamba umeridhika. Naye alisema uongo kwa ajili ya mtu.

Baba anakusalimu, na anasema usiache kuomba, hata kama huko hamwombi. Shangazi Nthenya anakusalimu na kuuliza utaoa lini. Mutunga anakusalimu, ingawa nimemkemea. Dirie alipita wiki jana, akauliza yule kijana wa India hajambo.

Na Mbula anakusalimu. Hakujui. Huja kwetu kila jioni kupitia yale magugu, kunywa maziwa ya ng'ombe mwekundu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mpaka uko wapi.

Mungu akulinde ugenini, na akurudishe ukiwa na moyo ule ule uliokwenda nao.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo akiwa na hasira,
Nzilani