Maneno ya mke wangu kinywani mwa Radi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na ukiweza nijibu kabla ya Jumamosi, maana roho yangu iko juu juu.

Mimi ni mpiga gitaa la besi katika bendi ya roki, yule anayesimama nyuma karibu na ngoma ambaye picha za magazeti humkata bega, na wala sikuomba kupiga besi, tulipoanza tukiwa vijana kila mtu alitaka gitaa la solo, mimi sijui kubishana, nikaachiwa nyuzi nne, nikazizoea mpaka nikazipenda, na kwa kuwa huko nyuma hakuna anayenitazama nikaanza kutunga, na leo karibu nyimbo zote zilizotupa jina ni zangu, ila sauti yangu ni mbaya kama mlango uliokosa mafuta, kwa hiyo anaziimba Radi, ndivyo tunavyomwita mwimbaji wetu, na watu wanaamini kila neno limetoka moyoni mwake.

Ukweli ni kwamba maneno mengi si ya Radi wala si yangu, ni ya mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anaongea huku anashona, na hata akigomba maneno yake yana mapigo, na akisema kitu kizuri vidole vyangu vinaanza kucheza pajani au mezani vikitafuta besi ya maneno hayo, na sivitumi, vinaanza vyenyewe. Zamani alikuwa anacheka, ananiambia haya, leo nimeimbwa tena, na ule wimbo wetu uliopigwa sana redioni ulikuwa ugomvi wa mimi kuacha koki wazi mpaka tangi likakauka.

Mwaka jana tulipoteza mtoto, mimba ilikuwa kubwa, chumba chake tulishakipaka rangi. Siku tuliyotoka hospitali mke wangu alisimama kwenye mlango wa chumba kile akasema, "…" (Hapa nimefuta. – Mshauri.) Nililia, Mshauri, naapa nililia, lakini mkono wangu ulikuwa kwenye fremu ya mlango na vidole vilikuwa vinacheza, na yeye aliviona. Tangu hapo ananipa maneno ya kazi tu, chakula kiko mezani, funga dirisha, na akijisahau akaanza kunisimulia kitu huitazama kwanza mikono yangu, halafu hunyamaza.

Wimbo niliutunga. Sikumwambia, nikajipa moyo kwamba mtoto alikuwa wangu pia, na wenzangu nao sikuwaambia unahusu nini, hata msiba wenyewe sikuwaambia, wakadhani ni wa mwanamke aliyehama nyumba, Radi akauongeza kasi, akatia vibwagizo vya kuchekesha, na tulipoupiga mara ya kwanza ukumbi mzima uliruka, watu wameinua chupa juu wanaitikia maneno yale kwa furaha, na mimi kule nyuma napiga besi hata nyuzi sizioni. Jumamosi tunaurekodi, ndio unaotegemewa kubeba albamu.

Sasa juzi mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga studio, aliniambia bila kuinua macho kwenye cherehani: "Jumamosi nitakuja. Kuna mteja ameuimba hapa wakati nampima kiuno." Akaendelea kushona, na mimi nikajifanya natafuta funguo.

Nifanye nini asije? Nimefikiria kuwaomba wenzangu wahamishe siku kimya kimya, au nibadilishe maneno mawili matatu asiyatambue. Naogopa ataondoka. Na naogopa pia, nisamehe, kwamba nikiuacha wimbo huu sitatunga mwingine, kwani nitaanzia wapi na nyumbani hakuna anayeongea?

Ni mimi,
Mpiga Besi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mpiga Besi, na pole. Pole hii ni ya mtoto, maana katika barua yako yote sioni mtu aliyekupa. Watu unaosimama nao jukwaani hawajui hata kama ulifiwa. Uliwaficha msiba ukawapa kibwagizo, halafu unashangaa wanaruka.

Sasa tugombane. Umeona nimefuta maneno ya mkeo. Uliniandikia yote, neno kwa neno, ukayapigia na mstari chini ili nisiyapite. Yaani hata kuomba ushauri juu ya kuyatoa nje, umeyatoa nje. Hiyo siyo bahati mbaya tena, ndugu yangu, ni tabia.

Unauliza ufanye nini asije. Huyo mwanamke ameshasikia. Amesikia tepu ya kupimia iko mkononi, mteja anajizungusha mbele ya kioo, na ilimbidi asome vipimo kama kawaida. Anayetaka kuondoka hasemi kwamba atakuja studio. Amekutajia siku mapema ili umwambie mwenyewe kabla haijafika, na wewe muda huo unautumia kuniandikia mimi. Habari ya kubadilisha maneno mawili matatu usiirudie. Kabla hujatunga chochote alishaviona vidole vyako mlangoni.

Mtoto alikuwa wako pia, sikatai. Huzuni yako itungie nyimbo hata kumi. Lakini yale maneno yalikuwa ya mtu anayeanguka, akimtafuta mumewe amshike, na mume alikuwa kazini.

Fanya hivi, na ufanye leo, kwa sababu gazeti hili mafundi cherehani nao wanalisoma. Akishafunika cherehani, chukua gitaa lako bila spika, kaa karibu naye, umwimbie wimbo wote kwa hiyo hiyo sauti yako ya mlango, polepole, kama ulivyokuwa kabla Radi hajauchezesha. Kisha mwambie ni maneno yake, uliyachukua bila kumwomba, na uamuzi ni wake. Akikataa, wapigie wenzako simu hapo hapo mbele yake, waeleze wimbo ule ulihusu nini, na Radi akinuna anune. Akikubali, utarekodiwa kwa mwendo anaoutaka yeye. Akinyamaza, hiyo ni hapana, usiitafutie tafsiri.

Kama hutatunga tena, sijui. Huenda ikawa hivyo. Utabaki mpiga besi mzuri mwenye mke, wapo wenye hali mbaya zaidi.

Ukimaliza kuimba, liweke gitaa chumba kingine, urudi ukae. Inawezekana akaanza kuongea, ya mwaka mzima, na inawezekana katikati akasema kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kumsikia akisema. Kalia mikono yako.