Mafuta ya Kupika

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Nimeshona sare tatu za kwaya tangu asubuhi. Mashine inakata uzi ovyo. Saa nane niliacha, nikaenda kutafsiri mkutano wa kampuni ya petroli na bakimbizi ba kambi yetu. Depo yao iko pale mtoni, banataka kuipanua: matangi mawili makubwa, juu kidogo ya kisima chetu. Serikali inataka bantu basikilizwe kwanza, mbele ya kibali. Ofisa wa kampuni anasema Kiingereza, mi ninasema Kiswahili. Nilitafsiri vizuri. Kiswahili sanifu, si kile cha sokoni. Bantu balikuwa bengi kuliko nilivyowaza na bote balisaini karatasi ya kampuni. Hakuna mwenye aliuliza swali. Bamama benye balitoka Fizi, kwetu Kongo, balikuja na chupa tupu. Sikujua sababu.

Jumatano, tarehe 5
Jirani yangu Mama Sifa, mwenye analima mboga kule mtoni, ameniuliza mafuta itagawiwa siku gani. Nikauliza: mafuta gani? Akasema: ile ya ghala kubwa, ulisema we mwenyewe.

Nilikaa chini.

Nilisema "ghala la mafuta". Kwetu petroli ni esanse, dizeli ni mazutu, hata mtoto anajua. Mafuta ni ya kupika. Nilikwepa mazutu kwa sababu ni neno la garaji, na nilitaka ofisa aone nimesoma. Bantu balisaini bakidhani ni liste ya mgao. Chupa njo zilikuwa za hiyo. Mjinga ni mimi.

Nilimwambia ukweli. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na kisima?" Akatoka.

Ijumaa, tarehe 7
Nimeuliza kwenye biro ya kambi. Zile saini zimeingia kwenye ripoti ya mazingira, eti bantu ba kambi bamekubali. Ripoti iko Lilongwe, Capital Hill, kwenye biro za serikali. Kibali kinaweza kutoka siku yoyote.

Mama Sifa hanisalimii. Kisimani nikifika bamama bananipa mgongo. Sina hasira nabo. Nina haya.

Nikinyamaza, hakuna mtu wa serikali atajua. Wazo hilo nimeliandika hapa ili nilione.

Jumanne, tarehe 11
Nilipata ruhusa ya kutoka kambini. Capital Hill. Makorido marefu, viatu vyangu vinapiga kelele. Bibi mmoja wa biro ya mazingira alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mkutano unaweza kurudiwa, lakini niandike kwa mkono wangu kwamba tafsiri ilikosewa. Na mtafsiri mwenye ameandika vile haitwi tena.

Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu. Kutafsiri njo kitu kimoja kilichobaki cha yule mtu.

Niliandika. Nikasema zikomo, asante ya hapa, nikatoka. Nililia njia yote ya kurudi.

Alhamisi, tarehe 27
Mkutano wa pili. Nilikaa nyuma kabisa. Mtafsiri mpya ni Mrundi, matamshi yake mabaya. Alisema: "Esanse na mazutu. Tangi mbili. Juu ya kisima."

Mikono ikaanza kuinuka, hata ya bazee benye hawasemi kamwe.

Mama Sifa alipita mbele na chupa yake ya ule mkutano wa kwanza. Safari hii ilikuwa imejaa maji ya kisima. Akaiweka mezani mbele ya ofisa. "Hii njo tunakunywa. Muandike."

Baliandika.

Jumamosi, tarehe 20 mwezi wa saba
Barua imebandikwa kwenye mlango wa biro ya kambi. Kampuni haipewi kibali kwa ile fasi. Itafute pengine, mbali na maji. Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea mzee mmoja mwenye hana miwani. Safari hii nilisema mazutu.

Kuna mkutano mwingine wiki ijayo, wa shule. Hawajaniita kutafsiri. Nimerudia sare za kwaya.

Asubuhi nilienda kisimani, nikasimama mwisho wa foleni. Mama Sifa alikuja akachukua bidoni yangu, akaijaza kwanza, mbele ya yake. Akasema maji yamepungua kidogo mwaka huu. Nikasema ndiyo, yamepungua.