Vinara vya Eunice

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Eunice kaja leo. Na bajaji, mpaka mlangoni! Kashusha vinara viwili vya mishumaa, kavifunga kwenye khanga kama watoto mapacha. Vya Kifaransa, vya zamani sana, vya bronzi. Mama yake alikuwaga anampikia mzee mmoja Mfaransa kule Guta, na mzee alipoondoka akamwachia. Sasa Eunice anapambia harusi. Kila bibi harusi wa Musoma anamtaka yeye – sababu ya hivyo vinara.

Kimoja mkono umekatika. Kamletea mume wangu achomelee. Mafundi wamejaa huko kwake Nyakato, lakini mpaka aje Nyasho kwa Lameck! Walisoma pamoja Bunda. Anamwita "Lame". Mimi mkewe namwita Baba Gody.

Kila kinara ni mwanamke amesimama, kabeba matawi matano ya mishumaa. Kiuno chembamba. Kama Eunice.

Nilikuwa natoa sato magamba. Sikuweza hata kumpa mkono.

Jumanne, 10 Septemba
Lameck hajagusa kazi nyingine. Kampakata yule mwanamke wa bronzi, anamfuta vumbi usoni na kitambaa laini. Taratibu! Nimeuliza, geti la Bunda je? Kasema: "Hiki si geti, Mama Gody. Ukizidisha moto kidogo tu, umekiua."

Chai yake imepoa. Mimi hanifutagi hata jasho.

Jumatano, 11 Septemba
Nimemsikia kwenye simu na Hezron, rafiki yake anayeuza vitu vya kale Arusha. Alimtumia picha. Baadaye kanieleza mwenyewe, macho yanang'aa. Hezron kasema vinara hivyo ni mali. Eunice akiviuza anaweza kumaliza nyumba yake. Ila ule weusi-weusi wa kahawia usiguswe kabisa. Ndio umri wake. Ukiusugua, thamani imekwenda. Hezron atakuja kuviona wiki ijayo.

Nikauliza, Eunice anajua? Hajui. Lameck hataki kumpa matumaini ya bure mpaka Hezron avione kwa macho. "Yule mama ameteseka sana," kasema.

Ameteseka! Na mimi ninayenuka samaki tangu tuoane, nani kanipigia simu Arusha?

Alhamisi, 12 Septemba
Lameck kaenda Bunda kufunga lile geti. Atakaa huko mpaka wiki ijayo. Kabla hajaondoka kavifunika vinara na shuka letu. Shuka la kitandani kwetu!

Nikakaa. Nikainuka. Nikachukua kile alichokitengeneza, na ndimu, na chumvi, na stiliwaya ya kusugulia masufuria. Nilianza na uso. Halafu kiuno. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma. Maji yakawa meusi kama chai ya rangi.

Sitajidanganya hapa – sikuwa nasafisha.

Kikawaka njano kama bomba jipya. Nikasikia raha. Halafu nikakifunika tena na shuka, haraka.

Ijumaa, 13 Septemba
Eunice kaja kuvichukua, kesho ana harusi Butiama. Nilijiandaa kutukanwa. Kafunua shuka. Halafu kanikumbatia, na aproni yangu ya samaki hivyo hivyo!

"Mama Gody! Kumbe ndani ni dhahabu? Nilikuwaga naona aibu na ule uchafu wake!"

Machozi yalimtoka.

Jumapili, 15 Septemba
Kanisani. Picha za Butiama zimezunguka kwaya yetu nzima. Kile kinachong'aa kiko mbele ya maharusi, mwenzake mweusi kafichwa nyuma ya keki. Eunice katangaza mbele ya watu wote: hii ni kazi ya mikono ya Mama Gody! Wakanipigia makofi. Mimi! Nikasikia raha tena – Mungu wangu.

Anataka kuleta cha pili Jumanne, nimwonyeshe kukisugua vilevile.

Mchana Lameck kapiga simu. Hezron atafika Alhamisi. "Vinara vizima?" Nikasema vizima.

Nimewaza jambo baya. Eunice akiharibu hicho cha pili kwa mkono wake, kosa langu litapotea ndani ya kosa lake. Nani atauliza nani alianza?

Jumanne, 17 Septemba
Eunice yupo hapa kwangu sasa hivi. Yaani, alikuwepo – nitaeleza. Kaja na kinara cha pili, kapandisha mikono ya gauni, kakaa kwenye kigoda changu. Kasema nimpe stiliwaya, atasugua mwenyewe, mimi nimwelekeze tu. Anaongea, anacheka. Kasema mumewe alipofariki watu wengi walikuja siku ya mazishi wakapotea. Waliobaki ni Lame na mimi. Nilimletea samaki na ugali wiki nzima, kasema. Kweli nilimpelekea. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kaomba ndimu. Nikasema zimeisha.

Hazijaisha. Bakuli limejaa, nimelisukuma chini ya meza na mguu. Kasema haina shida, kaenda dukani kununua. Ndiyo naandika haraka haraka hapa jikoni.

Nikimwambia, atajua kile cha kwanza nilikifanya nini, na kwa nini. Lameck atajua. Kwaya itajua. Nisipomwambia, atanishukuru maisha yake yote.

Namsikia anarudi. Anaimba sauti ya pili, ile ya Jumapili. Anaimba vizuri, na bado namwonea wivu! Kinara kiko ndani ya beseni. Maji bado sijaweka.

Anapiga hodi –