Nimebadilisha pikapu za gitaa la baba

Wewe, nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Unalijua gitaa la umeme la marehemu baba, linavuma hata kabla hujagusa uzi. Wiki nzima nachagua pikapu mpya, zile sumaku za kunasa sauti. Nikachukua zisizovuma kabisa, fundi kazifunga leo.

Nikampigia mama wimbo. Sauti safi kama maji!

Mama akaacha kukunja nguo. “Mbona halivumi?”

Nikajisifu eti nimeuondoa mvumo.

“Jioni akilichomeka tu, mvumo ule ndio ulikuwa unaniambia baba yako amerudi.”

Amerudi! Kisha akaendelea kukunja nguo.

Nikamkimbilia fundi. Za zamani kashazifumua, waya wake kauzungushia pikapu ya mteja mwingine.

“Si ulisema nizitupe?”

Nilisema. Tena huku nacheka.