Kanzu Yako Sikuipanua

Kasisi wangu Kahindo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Wengine wanakuletea maua. Mimi hasira ndiyo niliyo nayo.

Wiki sita tangu tukuzike. Msalaba wako wameuandika "Mama Mchungaji", na wapita njia wanauliza mume wako alichunga parokia gani. Wewe uliyesahihisha hata watoto: "Mimi si bibi ya muchungaji. Muchungaji ni mimi."

Na walikuzika na kitenge. Kanzu, walisema, ni mali ya kanisa. Kanisa gani? Kitambaa nilikifuata mwenyewe Kasindi, mpakani, mita nne na nusu, nikakushonea hapa Mususa kwa masini niliyojifunza bila mwalimu. Unakumbuka ile waliyokuvika siku ya kuwekewa mikono? Ya mwanaume, mabega arobaini na sita. Wewe thelathini na nane. Ulijikwaa kwenye ngazi ya madhabahu, mbele ya Askofu. Kesho yake ukaja umeibeba, unacheka mpaka machozi: "Masika, Mungu ameniita, lakini mushonaji bado!"

Sasa sikia. Jumanne Baba Kambale, mkubwa wa baraza la parokia, aliniletea kanzu yako ndani ya mfuko wa plastiki. "Masika, utoe hizi pensi, hii mikunjo ya kifua, upanue mabega. Kijana wa Beni atawekewa mikono siku ya Mungu, hii Jumapili."

Nikamuuliza: na Shemasi Kavira? Kavira, binti uliyemfundisha wewe, shemasi wa miaka mitatu, aliyetembea kwa miguu mpaka Manguredjipa kuzika watu wakati wanaume walishikwa na homa wote siku moja. Huyo kijana ana miezi kumi na moja tu ya ushemasi.

Akajibu: "Kasisi mwanamuke? Tulisha kuwa naye moya."

Mmoja! Kama chanjo, Kahindo. Mnadungwa mara moja, basi, mmekingwa.

Nilimwambia arudi Jumamosi. Alipoondoka tu, nikamwita Kavira, nikampima. Mabega thelathini na sita. Urefu, sentimita nane chini yako. Ndani ya mshono nilikuwa nimekuachia akiba ya kitambaa, sentimita tatu kila upande, ya siku utakaponenepa. Hiyo akiba ndiyo Baba Kambale alikuwa anaitaka. Nimeikata yote. Mkasi haukupinda.

Jumamosi Baba Kambale aliigeuza, akaivuta, akaigeuza tena. "Masika, umefanya nini?"

"Nimepima, Baba." Akaitupa mezani, akaondoka.

Kijana aliwekewa mikono na kanzu ya kuazima. Akaikanyaga, naye. Sikucheka. Karibu nicheke.

Baraza limeniita Alhamisi hii: eti nimeharibu mali ya kanisa. Nitaenda na metre yangu ya kupimia shingoni. Wako tisa, wanaume watupu. Nitawapima mmoja mmoja, mbele yao wenyewe, na yule ambaye kanzu itamfaa, aichukue.

Sitakudanganya: Kavira bado hajaitwa kuwekewa mikono. Juzi alikuja, akaugusa mkono wa kanzu tu, akaondoka. Lakini nakuahidi, itakaa hapa ukutani juu ya masini, na haitatoka ila mwilini mwake. Na huo msalaba nitaupaka rangi upya, niandike KASISI, herufi za sentimita kumi.

Lala, dada yangu. Safari hii wakimwita, mushonaji yuko tayari.

Masika