12 400 ku Ukuta ya Baba

Bunia, Rwambuzi, tarehe 9 février

Gaël mudogo wangu,

Jambo sana kule Nizi. Mwili uko aje? Siye tuko, Mama tu na magoti yake. Mutu wa moto, ile pikipiki ya kupeleka barua, ananingojea, naandika mbio.

Unakumbuka ile machine ya michezo padri aliachia Baba, yenye kandege iko chini inapiga maadui wanashuka safu kwa safu? Claude fundi ameitengeneza. Bijou wangu, na myaka yake kumi na moja, haachi tena manete ya kuchezea! Jana akasema amefika 9 990, alafu machine ikarudi ku zero. Nikamwambia: "Wongo! Mujomba wako alifika 12 400, Baba mwenyewe aliandika na makala, makaa ya jikoni, ku ukuta." Akaapa. Nikamupiga, Gaël, juu ya ule wongo. Sasa anakataa kula. Mwambie vile ulifanya, atulie.

Dada yako mukubwa, Yaya Dorcas

Bunia, tarehe 2 mars

Gaël,

Salamu tena. Weye uko muzima kweli? Mutu wa moto anaapa barua alikupa mu mukono. Bijou hanisemeshi. Ku masomo wanamuita "Zero". Jibu basi, mutoto wa Mama!

Yaya

Nizi, tarehe 20 mars

Yaya Dorcas,

Salamu kwako, kwa Mama, na zaidi kwa Bijou. Mwili wangu uko muzima, lakini haya inanikula.

Bijou hakudanganya. Ile machine haina nafasi ya chiffre, ya namba ya tano; ikipita 9 990 inarudi ku zero. Miye sikufika hata 3 000.

Unajua sheria ya nyumba: mutu akipata pointi mingi, anaita shahidi mbele ya courant, umeme, kukatika, sababu machine haikumbuki kitu. Siku ile nilikuwa nimeanguka examen d'État, mutihani ya kumaliza masomo. Baba hakunisemesha siku tatu. Nikachomoa prise ya umeme na mukono yangu mwenyewe, nikalalamika: "Courant imekatika! Nilikuwa na 12 400!" Akakuja, akaniangalia sana, akafuta ku ukuta jina yake ya champion, akaandika yangu. Akaniita champion mbele ya majirani. Kinywa ikanishinda kufungua. Amekufa nikiwa champion.

Barua yako ya kwanza niliisoma mara ine, nikaificha mu kiatu. Mutoto amepigwa juu yangu, na miye mwanaume muzima nimenyamaza karibu wiki sita! Futa ile jina, Yaya. Sitaki kuiona tena.

Mudogo wako, Gaël

Bunia, tarehe 24 mars

Gaël,

Mama anakusalimia. Nilimuomba Bijou pardon, nikapiga magoti kabisa. Amekula mboga ya sombe, majani ya muhogo, sahani mbili.

Alafu nikamusomea Mama barua yako. Akasema: "Baba yenu alijua. Ampoule, taa ya salon, ilikuwa inawaka siku ile." Nikamuuliza, sasa kwa nini aliandika? Akasema Baba alimwambia: "Leo amejaa haya, tumuache. Siku moja atakuja kuifuta yeye mwenyewe." Kila mwaka Mama alitaka kupiga chokaa ule ukuta, na kila mwaka Baba alikataa. Hata mu ile wiki yake ya mwisho aliuliza kama umekuja.

Kufuta, sitafuta.

Yaya

Nizi, tarehe 25 mars

Yaya,

Salamu. Nimelia mbele ya watu wa kazi, waseme wanachotaka.

Kesho asubui napanda moto. Mwambie Bijou anitayarishie kitambaa ya maji, na kipande ya makala. Miye nitafuta yangu, yeye ataandika yake. Mama ndiye shahidi.

Gaël, mudogo wako