Mchungwa Unaooga Jioni

Jumatatu, 3 Machi
Majani ya mchungwa mkubwa yameungua tena kwenye ncha. Kahawia, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi – mimi fundi cherehani, naijua rangi hiyo. Mke wangu kachota udongo, kauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi! Kisima chetu kimeingia chumvi tangu ukame, na sisi tunamwagilia tu. Kapiga marufuku maji ya kisima shambani. Yamebaki ya mvua, ya kwenye tangi, na hayo ni ya kutumia kwa kubana sana.

Jumatano, 5 Machi
Leo mke wangu kabebesha miti. Vikonyo vya mchungwa ule kavipandikiza juu ya miche ya chenza, maana mizizi ya chenza huvumilia chumvi zaidi. Kisu, mkato mmoja, nailoni, basi. Mikono haitetemeki! Anasema mti wenyewe huenda usipone, ila machungwa yake yatabaki. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeupanda. Nilitaka kumkumbatia, lakini mama mkwe alikuwa barazani, nikajifanya nakagua nailoni.

Jumamosi, 8 Machi
Mti unazidi kuungua. Jioni nikamkuta mama mkwe na ndoo ya kisima, ananyunyizia majani na kuyapangusa kwa kitambaa, jani moja moja. Kumbe hufanya hivyo kila jioni tangu afiwe. Eti marufuku ni ya kumwagilia, yeye anauogesha tu. Nimemwachia mwanawe amweleze.

Jumapili, 9 Machi
Nilitarajia vita. Wapi! Mke wangu kakaa naye wakimenya viazi, kamweleza taratibu kwamba maji yale yakikauka juu ya jani, chumvi hubaki, na jani huungua. Hakumlaumu hata kidogo. Kamwomba mkono wake huo wa kuogesha auhamishie kwenye miche, kwa maji ya tangi. Mama mkwe kaingia chumbani, kafunga mlango. Nampenda sana mwanamke huyu, na leo nimemwogopa kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe katoka na ndoo tupu. Kasimama kati ya kisima na tangi. Sisi tuko dirishani; nimeambiwa nisikohoe.
Kaenda kwenye tangi! Kajaza mpaka juu.
Lakini kaipita miche. Anakwenda kwa mchungwa mkubwa, kitambaa begani. Maji ya tangi hayatoshi miche na mti, wote tunajua. Namtazama mke wangu. Machozi yanamtoka, na tayari kashika ndoo ya pili na kitambaa, anamfuata mama yake –